Enjinia wa Daudi na Ukurasa wa Vitunguu

Katika kata nzima ya Daudi hakuna aliyemzidi Onesphory kwa vifaa vya kuundia tovuti, na hakuna aliyewahi kuiona tovuti aliyoiunda. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja miaka minne, tangu arudi kutoka chuo, bila kugombana. Asubuhi alitoka na koti lake la baridi, akawaamkia wazee shikamoo njiani mmoja mmoja, akapanda kilimani pale mtandao unaposhika, akafungua laptopu magotini. Waliopita na majembe walimwona amekunja uso, vidole vinacheza, wakasema kijana wa watu anafanya kazi. Alikuwa anapakua.

Alipakua kila kitu. Kozi za video za kumtoa mtu sifuri hadi ubingwa. Vitabu vya kurasa mia nane. Orodha ya vifaa hamsini ambavyo kila programa lazima awe navyo, na wiki iliyofuata orodha ya mtu mwingine aliyesema vile hamsini vimepitwa na wakati. Kwenye diski yake kulikuwa na folda iliyoandikwa KUSOMA, ndani yake folda iliyoandikwa KUSOMA KWANZA, na ndani ya hiyo nyingine, KUSOMA KWANZA KABISA. Kila kozi alikuwa ameitazama somo la kwanza. Somo la kwanza ni tamu: mwalimu anajitambulisha, anakuonyesha utakavyokuwa mtu mkubwa baadaye, anakutajia vitu vya kupakua. Somo la pili linataka uandike kwa mkono wako, na hapo ndipo Onesphory alipogundua kila mara kwamba kuna kozi nyingine nzuri zaidi.

Tusimwonee lakini. Programu za kuandikia msimbo, yale maandishi ambayo kompyuta huyafuata, alikuwa nazo sita, na zote alizipamba. Siku mbili nzima alitafuta rangi ya kijani ya kumpumzisha macho, ingawa macho yenyewe hayakuwa yamechoshwa na lolote. Kwenye makundi ya maprograma alibishana na watu wa Dodoma na Mwanza kuhusu kifaa kipi ni bora, na aliwashinda, kwa kuwa vyote alikuwa navyo. Nyumbani walimwita Enjinia, naye akaitika.

Mama yake, Efrazia, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa vitunguu saumu, kaya arobaini. Mwaka huo vitunguu vilikubali. Vilining'inia mafungu mafungu kwenye dari za majiko, vikubwa, vyeupe, na kila mwenye mafungu alikuwa na wasiwasi uleule, kwamba mwishowe vitaondoka kwa lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, likashonewa kilemba cha wavu juu, kikajazwa nacho, halafu mkulima akalipwa gunia moja. Ni wizi unaofanyika mchana kweupe, na aliyeibiwa anamsaidia mwizi kupakia.

Ndipo simu ikaja kutoka Arusha. Mwanamke aitwaye Getruda, mnunuzi wa vyakula vya mahoteli, alikuwa amesikia habari za kikundi. Yeye alinunua kwa mizani.

"Shikamoo mama," alisema Getruda. "Vitunguu vyenu tunavitaka. Ila wakubwa wangu wametapeliwa sana na picha za kutumiwa kwenye simu. Wekeni ukurasa wenu mtandaoni: picha za vitunguu, mna magunia mangapi, mnapatikana wapi. Ijumaa ya wiki ijayo saa nne tunakaa kuchagua vikundi vitatu."

Ilikuwa Jumanne. Siku kumi zilibaki. Efrazia alikata simu akacheka peke yake jikoni. Vikundi vingine vingehangaika kutafuta fundi wa tovuti mjini. Yeye wake alikuwa chumba cha pili, anakula ugali wake kila siku.

"Siku kumi?" Onesphory alimwambia. "Mama, hiyo ni kazi ya siku moja."

Alisema kweli, na ndiyo maana inauma. Siku nne za kwanza alichagua kifaa. Kile cha kwanza kilikuwa chepesi mno kwa heshima ya kikundi, cha pili kilikuwa kizito kwa mtandao wa kilimani, cha tatu kilikuwa kimetolewa toleo jipya usiku uliopita na isingekuwa busara kuanza na la zamani. Benedikta, mwalimu kijana wa sekondari, alipita kununua maziwa akamkuta amezungukwa na nyaya.

"Kaka Onesphory, shikamoo. Hiyo kazi si faili moja tu?" aliuliza. "Unaandika jina, unaweka picha, basi. Nina somo moja fupi kwenye simu, mimi ndilo nililotumia kutengeneza ukurasa wa kwaya. Nikutumie?"

Onesphory alitazama simu ya Benedikta yenye kioo kilichopasuka. "Hilo ni la wanaoanza, mwalimu," alisema kwa upole, jinsi mtu anavyokataa chakula cha mgonjwa. Benedikta alichukua maziwa yake akaenda.

Jumapili baada ya misa kikundi kilikutana, pamoja na wazee walezi wake kumi na wanne. Mzee Bura alibariki mkutano, watu wakaitikia, na kabla Efrazia hajafungua daftari mzee akaendelea kusimama.

"Huo ukurasa," alisema, "mgeni akifika, ataamkiwaje?"

Onesphory alisema mgeni atakuta picha za vitunguu.

"Yaani unaingia nyumba ya watu unakutana na vitunguu?" Mzee Bura aliwageukia wenzake. "Hakuna mwenye nyumba? Hakuna wazee?"

Watu wote waliona aibu kwa ajili ya huo ukurasa, na ulikuwa bado haujazaliwa. Wakaafikiana kwamba lazima uanze na shikamoo kwa wazee, majina yote kumi na manne, kwa kufuata umri, ili wale wa Arusha wajue hapa kuna mji wenye watu. Jambo jema kabisa. Shida ilikuwa nani aanze, Mzee Bura au Mzee Hermani.

"Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige," alisema Mzee Bura.

"Nzige walikuja mara mbili," alisema Mzee Hermani. "Wa kwanza nimewala mimi. Wewe uliletewa wa pili."

Saa tatu zilikwisha hapo. Efrazia alipouliza kuhusu vitunguu aliambiwa vitakuja baada ya salamu. Ikaamuliwa bibi mmoja kizee aulizwe Jumatano, naye ndiye mwamuzi.

Mtu mwingine yeyote angeandika yale majina, akasubiri Jumatano, akapandisha moja na kushusha jingine. Mtoto wa darasa la tatu angeweza. Enjinia aliona mbali zaidi. Kama wazee wanaweza kugombana leo, watagombana na mwakani. Basi ukurasa ujipange wenyewe, kwa umri, bila kuguswa na mtu. Akapanda kilimani kutafuta msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine wa kupanga majina kwa umri. Alipata wa aina kumi na moja. Akasoma sifa za yote, akauliza kwenye makundi, akatukanwa na mtu wa Mwanza, akachagua mmoja. Huo ulitaka apakue mwingine, na huo mwingine ulikuwa na wenzake thelathini. Ukungu uliteremka, mtandao ukakatika, akaanza upya. Hadi Jumatano jioni kila kitu kilikuwa kimepakuliwa, na mashine yake ya kupanga wazee ikamuuliza swali moja tu: tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja. Hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa nayo. Yule bibi naye alikuwa amewasikiliza wote wawili, akasema wote ni watoto.

Wakati huo kina mama hawakulala. Walichagua vitunguu bora, wakavisuka mafungu, wakavitandaza juu ya kitambaa cheupe, wakapiga picha ishirini na tatu. Alhamisi Efrazia alimpelekea chai.

"Zile picha umeziweka?"

"Zimo kwenye folda, mama."

Efrazia hakujua folda ni nini, lakini alimjua mwanawe, na usingizi haukumjia upesi.

Ijumaa asubuhi, zikiwa zimebaki saa mbili, Enjinia alichukua kiolezo: ukurasa uliokwisha kutengenezwa na watu wa nje, wewe unabadili maneno na picha tu. Kilikuwa kizuri, kilisifiwa na watu elfu tano. Kilikuwa cha mgahawa wa piza. Salamu za wazee aliziweka juu kabisa, zikasukuma vingine vyote upande; akarekebisha upande huo, zikapanda juu ya upande mwingine. Zilipotulia ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu. Akaurusha hewani jinsi ulivyo, picha atabadilisha baadaye.

Sebuleni kwa Efrazia palijaa. Simu iliwekwa mezani, sauti juu, watu wote wakainama kuielekea. Ililia saa tano kasoro robo.

"Shikamoo mama. Ukurasa wenu tumeufungua," alisema Getruda.

"Marahaba, mwanangu. Mmeuonaje?"

"Tumesoma salamu za wazee. Nzuri. Tumeamkia wazee kumi na wanne. Halafu tumekuta mzungu anakula piza." Nyuma yake watu walicheka. "Wakubwa wangu wanauliza, nyie vitunguu mnauza au mnanunua?"

Efrazia alimtazama mwanawe. Onesphory alikuwa anatazama sakafu.

"Tunauza," alisema Efrazia. "Tunavyo hapa, mwanangu. Picha tulipiga. Naomba mtungoje mpaka mchana."

"Wameshachagua, mama. Nimewasemea nikashindwa. Samahani sana." Simu ikakatika.

Mzee Hermani aliuliza kama kwenye ukurasa jina lake lilitangulia.

Onesphory alieleza. Alisema kiolezo kilikuwa na kasoro, mtandao wa kilimani haufai, na kwamba amepata kozi moja nzuri sana inayofundisha mambo hayohayo ya picha. Mama mmoja alinyanyuka akatoka akiwa katikati ya maelezo, kisha mwingine, mpaka akawa anavieleza viti.

Vitunguu havingoji. Jumanne iliyofuata vichipukizi vya kijani vilianza kuonekana kwenye mafungu, na Jumatano lori la lumbesa likasimama uwanjani, na mwenye lori alikuwa na tabasamu la mtu aliyekwisha kusikia habari zote. Magunia yalijazwa, vilemba vya wavu vikawekwa, vikajazwa. Mikono haikutosha. Efrazia alimwita mwanawe, akampa sindano ya magunia na kamba.

"Sijawahi kushona gunia, mama."

"Tazama." Alipitisha sindano mara moja, akavuta, akamwachia.

Gunia la kwanza alilishona vibaya, akalifumua mwenyewe bila kuambiwa. La pili lilienda upande. La nne lilinyooka. Alishona mpaka viganja vikachubuka, akafika kwenye gunia la mwisho, la mama yake, limevimba kilemba kuliko yote, akalifunga fundo. Efrazia alikuja akavuta kamba kwa nguvu, kulia na kushoto. Haikulegea.

"Tangu urudi kutoka chuo," alimwambia, "hiki ndicho kitu cha kwanza nimekuona umekimaliza."

Kisha wakalibeba wote wawili, yeye upande huu na mama upande ule, wakampandishia mwenye lori.