Fundi wa Matofali wa Ogwedhi Aliyedaiwa Kufunga Mvua

Saa tatu asubuhi, Cliff Mwikwabe anatokea nyuma ya jiko lake akiwa amevaa gambuti, shati limemganda mgongoni ilhali kazi hajaianza. Ngurumo za jana jioni zimekwisha lakini hewa bado ni nzito. Mvuke unafuka kutoka kwenye rundo la samadi, na bati la jiko linadondosha matone yake ya mwisho.

Katikati ya ua, mbali na mti wowote, imesimamishwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo. Shingo hiyo imepinduliwa na kuchomekwa juu yake kama faneli. Chini, Mwikwabe amemimina saruji kidogo ili kitako kiwe bapa. Anapiga magoti kwenye matope, analeta jicho usawa wa maji na mistari aliyoichora ubavuni, na kubana pumzi.

"Kumi na nane," anasema. Anaangalia tena. "Hapana. Kumi na saba na nusu. Huyu mdudu alikuwa ananichanganya."

Anamtoa mbawakawa aliyezama, anamwaga maji, kisha anaandika hesabu hiyo kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, chini ya nyingine nyingi. Baada ya hapo anatoa simu.

"Mama Benta, kwako ngapi?"

"Arobaini na moja!" Sauti ya jirani yake, Benta Awino, inasikika hadi kwenye zizi la ng'ombe. "Yawa, ilikuwa inapiga bati kama inadai kitu!"

Mwikwabe anageuka na kunyoosha kidole ng'ambo ya bonde. Bati la Benta linaonekana waziwazi kutoka hapa, liking'aa juani. Mtu akiita kwa nguvu, upande wa pili wanasikia.

"Mawingu ni yale yale," anasema. "Sasa hiyo nyingine yote ilienda wapi?"

Mwikwabe, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, hupiga na kuchoma matofali karibu na soko la mifugo la Ogwedhi, Uriri, kaunti ya Migori, mahali ambapo Migori inapakana na Narok. Ni eneo ambalo Mkuria, Mjaluo, Mkisii na Mmaasai hukutana kwenye mnada wa ng'ombe na kuelewana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao.

Kazi yake ni ya mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Huchimba udongo kando ya kijito, huukanyaga na maji hadi ulainike, huujaza kwenye kalibu, kisha huyaanika matofali mabichi na kuyafunika kwa nyasi. Yakikauka, huyapanga kuwa tanuru na kuyawashia moto. Tanuru moja la matofali elfu nane huibeba familia yake kwa muhula mzima wa shule. Mwaka jana, dhoruba ya alasiri moja ilirudisha nusu ya matofali hayo kuwa tope.

"Hakuna kazi inaogopa mvua kama yangu," anasema, "na hakuna kazi inataka maji kama yangu. Hapo katikati ndipo naishi."

Kupima mvua alijifunza Kendu Bay, mji wa zamani ulio kando ya ziwa katika kaunti ya Homa Bay. Miaka sita iliyopita alikwenda huko kujenga nyumba ya walimu. Kila asubuhi, akiwa juu ya jukwaa, alimwona mwalimu wa jiografia, Roseline Adongo, akipiga magoti nyuma ya ofisi.

"Nilidhani ni mlokole anaomba," anasema Mwikwabe huku akicheka. "Nikasema, huyu mama anaomba kila siku saa ile ile, lazima ako na shida kubwa."

Siku moja uvumilivu ulimwishia, akashuka jukwaani kwenda kuona. Alikuta mtungi mwembamba wa shaba uliozikwa nusu ardhini, na ndani yake chupa yenye maji. Mwalimu alimweleza kwamba milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji iliyomwagwa juu ya kila mita moja ya mraba.

"Akaniuliza, umeelewa? Nikamwambia nimeelewa. Lakini milimita ngapi zinayeyusha tofali?"

Mwalimu Roseline analikumbuka vizuri swali hilo. "Nilimwambia sijui, apime mwenyewe. Sikujua kama atakwenda kupima kweli."

Alipima. Shule ilipopata chombo kipya, mwalimu alimwombea kile cha zamani, kikiwa na mbonyeo ubavuni, pamoja na gilasi yake ya kupimia, naye akakipakata hadi Ogwedhi. Kila mvua ilipokaribia, aliweka tofali bichi moja nje, kando ya mtungi, bila kulifunika. Asubuhi alisoma maji, kisha akalikagua tofali.

Aliona kwamba milimita kumi za manyunyu ya polepole hulilainisha tofali juu tu. Milimita kumi zile zile zikija na dhoruba hulimega pembe. Zikifika thelathini, hakuna tofali tena.

"Kwa hivyo si kiasi peke yake. Ni vile inakuja," anasema. "Hiyo hakuna mtu alikuwa ameniambia."

Jambo hilo lingebaki kuwa mchezo wake wa nyuma ya jiko kama si kiangazi cha Aprili mwaka huu. Mvua za masika zilianza vizuri, watu wakapanda, mahindi yakafika magotini. Kisha zikakatika. Kila alasiri mawingu yalijikusanya, joto likabana, jasho likawatiririka watu wakiwa wamekaa tu kivulini. Ngurumo ilisikika mbali, na jioni mbingu zikawa safi.

Katika sehemu hizi, wapigaji matofali wamekuwa wakituhumiwa tangu zamani. Watu husema mwenye matofali mabichi nje ndiye anayefunga mvua, kwa kuwa yeye ndiye anayelitaka jua. Na Mwikwabe alikuwa na matofali elfu nane nje, pamoja na chombo cha shaba alichokipigia magoti kila asubuhi.

Maneno yalianzia kwenye mnada. Wiki iliyofuata, wateja wawili waliotaka matofali walikwenda kwingine. Kisha asubuhi moja alikuta shimo tupu uani. Mtungi ulikuwa umeng'olewa na kutupwa kwenye machimbo ya udongo, na gilasi ya kupimia ilikuwa imevunjika vipande vipande.

Mkewe, Liz, anasema hofu yake haikuwa juu ya chombo. "Nilimwambia, Baba Trizah, leo wameng'oa hiyo kitu, kesho watachoma nyumba. Kwani mvua haiwezi kunyesha bila kuhesabiwa?"

Mwikwabe anasema siku ile hakugusa kalibu. Alikaa machimboni akausafisha mtungi kwa nyasi, huku akiwaza kuhamia Kendu Bay akatafute kazi za ujenzi.

"Niliona aibu," anasema. "Mimi si mchawi, lakini nilitembea kama mchawi. Nilikuwa napita njia ya nyuma."

Naibu wa chifu aliposikia, aliitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Benchi zilitolewa nje na watu wakajaa. Benta, mkulima wa mahindi na njugu aliyefiwa na mumewe, alikuwa wa kwanza kusimama.

"Mimi sina maneno mingi," alisema siku hiyo, na wote waliokuwapo wanakumbuka. "Mahindi yangu imejikunja. Njugu haitoi maua. Na huyu jirani ameanika matofali, kila asubuhi anainamia chuma. Nani mwingine hapa anataka jua?"

Watu waliguna kumuunga mkono. Mwikwabe anakiri kwamba swali lilikuwa la haki. "Ningekuwa yeye, ningeuliza vile vile."

Aliposimama hakueleza mambo ya milimita. Aliwaambia kwamba yeye pia amepanda mahindi, na yamejikunja kama ya wengine. Aliwaambia kwamba kijito kimekauka, na mkewe anabeba maji ya kukanyagia udongo kutoka mbali. Kisha akautoa mtungi kwenye gunia na kuuweka chini mbele ya Benta.

"Mama, chukua wewe. Panda kwako. Kama inafunga mvua, itafunga kwako na kwangu itanyesha. Kama haifungi, utakuwa unaniambia imenyesha ngapi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajizuia.

Benta anasema aliuchukua kwa hasira. "Nilitaka kukataa. Lakini nikikataa, watasema naogopa. Na kusema ukweli niliogopa. Siku ya kwanza hata kuku nilifungia ndani."

Gilasi ilikuwa imevunjika, kwa hivyo Mwikwabe alinunua bomba kubwa la sindano ya mifugo. Mwalimu Roseline alimpigia hesabu kwa simu, naye akachora mistari ya milimita kwa rangi ya kucha ya Liz. Alimfundisha Benta kuvuta maji na kuhesabu. Tatizo ni kwamba maji hayakuwapo. Kila asubuhi Benta alifungua mtungi na kukuta buibui.

"Nikaanza kukihurumia," anasema. "Ni chombo kavu tu, kama mimi."

Kisha alasiri moja upepo ulikuja kutoka upande wa Narok na vumbi jekundu, radi ikapasua, na mvua ikamwagika kwa Benta mpaka hakukiona choo chake. Asubuhi alihesabu milimita thelathini na moja. Nyumbani kwa Mwikwabe, mkebe wa rangi aliokuwa ameuacha nje ulikuwa umelowa chini tu.

Mwikwabe alidhani sasa mambo yamekwisha. Badala yake yaligeuka. Habari zilienea kwamba chombo kile kinaita mvua! Wanawake walikuja kwa Benta kuomba kukiazima, na mzee mmoja wa mlima wa pili alifika na jogoo mkononi ili akikodishe.

Aliyemrudisha ni Benta mwenyewe. "Nilimwambia, mzee, hii kitu nimekaa nayo siku zile zote ikiwa kavu. Kama inaita koth, mbona haikuniitia mapema?" Alimpa chai, na mzee akaondoka na jogoo wake.

Kwa Mwikwabe, sifa hizo mpya zilimtisha kuliko lawama. "Mtu akisema unafunga mvua, unaumia wewe. Akisema unaita mvua, siku itakataa kuja ataumia yeye, halafu atakuja kukutafuta. Haifungi, haiiti. Inahesabu tu."

Mpaka leo hajui ni nani aliyeung'oa mtungi, na hajauliza.

Kilichomshangaza ni simu ya Mei. Alikuwa machimboni wakati Benta alipompigia akiwa anahema. "Mwikwabe, funika! Imefika kwangu na mawe!" Kwake jua lilikuwa bado linawaka. Alisitasita kidogo, kisha akamwita Liz. Walikimbia na karatasi za nailoni na nyasi, wakaanza na safu zilizokaribia kukauka.

Safu ya mwisho hawakuiwahi. Mvua ya mawe iliwakuta wakiwa wameshikilia nailoni kwa miili yao, Liz akiwa ameweka karai kichwani. Matofali mia nne hivi yalirudi kuwa udongo. Mengine yote yalipona, na tanuru lilichomwa mwezi uliofuata.

"Nilimpelekea Benta matofali ya kujengea jukwaa la vyombo," anasema Mwikwabe. "Alikataa kwanza. Akasema yeye alinipigia tu kuniambia hesabu mapema."

Siku hizi wanazungumza watatu kwa simu: Mwikwabe, Benta na Mwalimu Roseline. Wamegundua kwamba Kendu Bay mara nyingi hunyesha usiku na alfajiri, ilhali Ogwedhi mvua huja alasiri. Mwalimu aliwaeleza kwamba mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa yenye unyevu ikavutwa kupanda kwenye milima. Usiku mambo hugeuka, mawingu yakajikusanya juu ya maji.

Benta alisikiliza maelezo hayo mara mbili, kisha akauliza kwa nini basi watu wa kisiwa cha Remba, huko ziwani, hawafurahii, maana wanapata mvua zote na omena, dagaa wanazoanika juani, hazikauki. Mwalimu alicheka mpaka simu ikakatika.

Kabla ya mvua za vuli, Mwikwabe anataka kujenga kibanda cha mabati cha kukaushia matofali. Ameshapanga nguzo. Lakini ukimsikiliza kwa muda, utagundua kwamba kibanda si jambo linalomsumbua akili. Anataka kujua mvua ya Benta huanzia wapi, huko nyuma, kabla haijamfikia.

Ndiyo maana, siku ya mnada, anaacha kazi na kwenda Ogwedhi akiwa na chupa ya plastiki kwapani. Anatafuta mtu anayeishi mbele zaidi, upande wa Narok, mawingu yanakotokea. Kwenye lango la mifugo anampata Bogonko, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye boma huko. Anamweleza jambo lake lote huku fahali wakipita katikati yao.

Bogonko anaipokea chupa, anaigeuza, anachungulia ndani.

"Sasa nikikuhesabia hii maji kila asubuhi," anauliza, "mimi nitapata nini?"

"Hutapata kitu," anasema Mwikwabe. "Utajua tu."

Bogonko anacheka na kutikisa kichwa. Anamchapa ng'ombe aliyekuwa anamkanyaga mguu na kupiga hatua mbili kuondoka. Kisha anasimama, chupa ikiwa bado mkononi.

"Nikiiweka karibu na nyumba," anauliza, "si maji ya paa itaingia?"