Koti la Askari Asiyekufa

Saa nne na robo asubuhi, siku ya mnada, jirani yangu wa mtaa wa Maisaka aliingia dukani kwangu, ninapouza mbegu na dawa za mifugo. Hakunisalimu. Alitoa kitabu changu kwenye mkoba, akakiweka juu ya kaunta.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakifuata nyumbani kwetu?"

Ilikuwa riwaya niliyoiandika kwa miaka mitatu na kuichapisha kwa pesa zangu. Inamhusu askari wa zama za Mjerumani aliyechoma ghala la kijiji wakati wa njaa. Mama aliyefiwa na watoto anamlaani: "Hutakufa. Utazika." Tangu hapo risasi zinampita, mito inamtema, na kila mwaka anaoongezewa unakatwa kwa mmoja wa wanawe.

Nilikuwa nimesoma mengi juu ya vita vya Mjerumani, lakini sikujua askari anavyokula wala anavyonyamaza. Hayo niliyachukua kwa baba wa jirani yangu, mzee aliyevuka miaka mia, aliyepigana vita vya Mwingereza kule Burma. Jioni nyingi nilikunywa chai yao huku nikimuuliza maswali. Nilidhani nimemficha vya kutosha: nilibadilisha vita, kabila na mkoa. Ila nililiacha koti lake la jeshi, na desturi yake ya kusimama wima na kupiga saluti kila jeneza linapopita barabarani. Mjini hapa hakuna mwingine afanyaye hivyo. Na mzee amezika watoto wanne.

"Ni hadithi tu, dada," nilimwambia.

"Hadithi imevaa koti la baba yangu?"

Mteja aliyekuwa akisubiri dawa ya kupe alicheka. "Yule mzee? Yule hafi, mama! Si mwenyewe huyu kaandika?"

"Wewe nunua dawa yako uende," nilimwambia.

Mteja alipotoka, jirani akanieleza kilichomleta. Mwanawe wa kiume anayekaa mtaa wa Nangara alikuwa amepata mtoto. Kwao mtoto mchanga hupelekwa kwa mkubwa wa ukoo, naye humtemea mate kidogo kwenye paji la uso. Hiyo ndiyo baraka. Mkwe wake, mama wa mtoto, alikataa kumleta. Alisema hawezi kumpakatisha mwanawe mtu anayekula miaka ya watoto. Mzee alikuwa amevaa koti tangu Jumapili, anasubiri.

Nilifunga duka, tukapanda bajaji hadi Nangara. Nilimweleza yule mkwe kwamba ile laana niliibuni mezani kwangu. Alinisikiliza huku akinyonyesha.

"Na koti ulibuni?"

"Hapana."

"Saluti je?"

"Hapana, mama."

"Watoto wanne?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa mimi nitajuaje uongo wako ulianzia wapi?"

Alisema atamleta mtoto siku vitabu vitakapotoka mikononi mwa watu, na sharti nimweleze mzee mwenyewe nilichokifanya.

Nilipita nyumba kwa nyumba, nikirudisha pesa. Wengine walitaka kujua sababu, nikalazimika kuisema mlangoni. Mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa amenisifu sana, alinipa kitabu bila kunitazama. "Ulituuzia jirani yako, ndugu yangu," alisema. Nakala chache hazikupatikana. Mkwe aliridhika na zilizorudi, akamleta mtoto Maisaka.

Mbele ya familia nzima nilimweleza mzee yote.

"Huyo askari wako, mwisho anapata kufa?"

Nilikuwa nimemwacha hai kwa makusudi, ili niandike sehemu ya pili.

"Hapana, babu."

"Ungemwacha alale."

Kisha akanyoosha mikono, na mkwe akampakatisha mtoto. Nilitoka nje kabla hajamtemea mate. Sikustahili kuona.

Vitabu nilivichoma nyuma ya duka, pamoja na kurasa za sehemu ya pili. Hasara yote ilikuwa shilingi laki mbili na elfu sitini na nane.