Nilivyoimwaga Siri ya Hatifungani Kwenye Sendoff

Jamani, mdomo wangu umeniponza na sina wa kumsingizia. Mkinisema, nisemeni tu, nimestahili!

Mimi ni wakili hapa Arusha, naishi Themi, kwetu ni kijijini Akheri. Ofisi yetu ilipewa kazi ya kuandaa hatifungani ya kampuni moja inayolima maua na mboga za kupeleka Ulaya. Kwa asiyejua, hatifungani ni kampuni kukopa kwa watu wengi kwa mpigo, wa hapa na wa nje, kisha inawalipa riba.

Sasa kampuni hiyo inavuta maji mtoni, juu ya Akheri. Kiangazi kikikolea, mfereji wetu unabaki matope matupu, na migomba ya mama yangu inanyauka anaiangalia.

Nikapata wazo, na nalisema bila haya, lilikuwa wazo zuri! Tuandike sharti: kampuni ikikausha mfereji wa wakulima, riba inayowalipa wakopeshaji inapanda. Iwaume wenye kampuni mfukoni! Bosi wangu, mama mmoja mkali, akalisoma, akalirudia. "Hili sijaliona hapa kwetu," akasema. "Niachie nipambane."

Akapambana kweli. Mawakili wa wazungu waliotaka kukopesha waligoma, eti sharti geni litawaletea kesi, wakanuna, mwisho wakakubali kwa shingo upande. Kilibaki kibali cha serikali tu, na mpaka kitoke hairuhusiwi kuinadi hatifungani kwa watu. Hilo nalijua kama jina langu.

Ndipo ikaja sendoff, sherehe ya kumuaga binti wa shangazi kabla ya harusi, Usa River.

Sendoff zetu mnazijua. Ukifika utambulisho, ni vita! Upande wa bwana harusi wakasimamisha rubani, wakasimamisha daktari bingwa, wakasimamisha na mjomba katoka Ujerumani na koti la ngozi kwenye joto lile. Shangazi akanifinya paja. "Simama, mwanangu, useme kazi yako. Tunadharauliwa!"

Nikasimama. "Shikamooni wazee. Mimi ni wakili." Makofi mawili matatu, ya huruma. Upande wa pili mtu akaguna, "Wa mahakama ya mwanzo?" Meza nzima ikacheka.

Loo! Damu ikanichemka. Nikamnyang'anya MC kipaza sauti. Nikaitaja kampuni kwa jina, nikaitaja hatifungani, nikalitaja na sharti langu la maji, na jinsi wazungu walivyosalimu amri. Ukumbi ukalipuka vigelegele! Shangazi akacheza mpaka kilemba kikadondoka. MC naye akadakia, "Haya jamani, mzigo huo unakuja, andaeni hela mnunue!" Nikakaa, kichwa kimevimba, nikaletewa soda mbili.

Jumatatu bosi akaniita. Simu yake iko mezani, na ndani yake niko mimi na kipaza sauti, video imeshazunguka mitandaoni.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikuwa naomba Mungu uniambie ni pacha wako."

Serikali ikasimamisha kibali, ikataka maelezo. Wazungu, ambao walikuwa wanatafuta upenyo siku zote, wakasema wataendelea, lakini hatifungani iwe ya kawaida, sharti la maji liondoke. Kampuni ikakubali haraka mno. Bosi hakuwa na pa kushika, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Langu! Sikufukuzwa, ila sasa naandika mikataba ya kupangisha fremu za maduka.

Lakini hiyo siyo inayoniuma. Nilikwenda Akheri kumweleza mama, nimejiandaa kugombezwa. Alinisikiliza huku anamenya ndizi. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo maji tulikuwa tumeshayapata?"

"Ndiyo, mama."

Akachukua ndizi nyingine. Akaendelea kumenya. Jamani, bora angenichapa!

Nawaomba ninyi mliokabidhiwa mambo ya watu: ukisimamishwa kwenye utambulisho, taja jina lako, sema wewe ni mtoto wa nani, ukae. Wakikucheka, cheka nao, hakuna aliyekufa kwa kuchekwa. Mimi nilishindana na koti la ngozi, nikashinda. Leo mfereji umekauka, na kila mkulima wa kule kwetu anajua ni mdomo wa nani ulioukausha.