Mlevi, Baba na Barabara ya Magu

Enzi zetu gari lilikuwa linaamshwa, tena kwa kubembelezwa, na mtaa mzima ulijua kwamba kwa fulani leo kuna safari. Mliokulia Igoma hapa Mwanza wakati ule, pakiwa bado ni mashamba ya mihogo na mawe makubwa yaliyopandiana, mtanielewa. Baba yangu alikuwa dereva wa kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipoona pikapu yake moja imechoka kupita kiasi, kikamuuzia, naye akaja nayo nyumbani anatabasamu kama bwana harusi. Mama, mtoto wa Kihaya aliyekulia kwenye migomba ya Bukoba, aliizunguka mara moja, akakunja mikono kifuani akasema, "Baba Masanja, umeniletea mke mwenza."

Majirani ndio waliolipatia gari lile jina. Walikuwa wakiliita Mlevi, kwa sababu lilinuka petroli toka kwenye kona, lilitembea upande upande, na lilikunywa bila kushiba. Baba hakukasirika. Alikuwa akisema, "Mlevi hagombezwi, anasindikizwa." Na kweli tulikuwa tunamsindikiza. Asubuhi ya baridi, ukungu wa ziwa haujapanda bado kutoka kwenye mawe, Baba anavuta choki, anakanyaga mafuta, anapiga stata, Mlevi anakohoa na kunyamaza. Hapo ndipo tulipoitwa. Mimi, kaka yangu Masanja na watoto wa jirani tunajipanga nyuma, mikono kwenye bati lenye umande, tunasukuma mpaka lishike. Likishika linatupulizia moshi mweusi usoni, sisi tunashangilia kana kwamba tumepewa pipi. Nikiingia darasani nanuka petroli, na mwalimu wetu alikuwa akiniambia nisikae karibu na mwenye kiberiti.

Siku hizi wanangu wanabonyeza kitufe. Wanabonyeza hata viatu hawajafunga, kiyoyozi kinaanza kupuliza, muziki unaanza kuimba, halafu wanakaa humo ndani gari likiunguruma bila kwenda popote, wanachati. Siku moja betri ya gari la mdogo wao ilikufa, nikawaambia watoke tulisukume pembeni. Mmoja aliniuliza, "Mama, tunasukuma kwa kushika wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Safari ya Mlevi ilikuwa moja tu ya maana, nayo ilikuwa ya kwenda Magu kila Jumamosi, kwa Shangazi Kabula. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Mama yao alifariki Baba akiwa bado ananyonya, na Shangazi, ambaye naye alikuwa binti mdogo tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji na kumfundisha kutembea. Baba alikuwa mtu mkali kazini, lakini akifika kwenye ule mji wa Shangazi wenye ua wa minyaa, alikuwa anasema "Shikamoo dada" kwa sauti ambayo hatukuisikia kwingine kokote. Shangazi alikuwa anamwitikia "Marahaba," kisha anamwangalia kutoka juu mpaka chini kuhakikisha hajakonda. Tulikula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, tukanywa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, tukacheza na ndama mpaka magoti yakawa meusi. Jioni tulirudi tumebebeshwa viazi na kuku aliyefungwa miguu, ambaye njia nzima alikuwa ananidonoa mimi tu.

Shida ilikuwa mafuta. Miaka ile petroli ilikuwa haipatikani kirahisi, na ikipatikana mnapanga foleni mpaka mnafahamiana ukoo. Baba alikuwa na dumu lake la akiba chini ya kitanda, jambo ambalo sasa nikilifikiria nywele zinanisimama. Alikuwa akihamisha petroli kwa mpira, ananyonya mpaka ifike mdomoni, anatema, anasukutua kwa maziwa. Na kwa Mlevi, dumu hilo lilikuwa kama kumpa tembo kikombe cha chai. Ndiyo maana Baba alijifunza kuendesha kwa namna ambayo madereva wote wa rika lake waliijua, ila yeye aliifanya kwa mikono ya mtu anayesali.

Ilikuwa hivi. Mlevi akishapanda mlima mpaka kileleni, Baba anaweka gia huru, kisha anazungusha ufunguo na kuzima injini. Gari linaanza kuteremka lenyewe. Kelele zote zinakatika mara moja, na sisi tuliokaa nyuma juu ya magunia tunaanza kusikia vitu: kengele za ng'ombe, mwanamke anamwita mwanaye shambani, upepo kutoka ziwani ukipita kwenye mahindi. Tulikuwa tunanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Mteremko ukiisha, kabla mwendo haujafa, Baba anaingiza gia, Mlevi anashtuka, anawaka, tunaendelea. "Mteremko haudai mafuta," alikuwa akisema, na aliujua kila mteremko wa barabara ile kama mtu anavyowajua wakwe zake.

Nilipenda magari kwa sababu yake. Leo nafundisha umakanika katika chuo cha ufundi hapa Mwanza, na kila mwaka wanafunzi wapya wananiuliza swali lile lile: mbona gari la babu linakunywa na la siku hizi linaonja tu? Nawajibu kwa habari ya jikoni. Kuna mama anayemimina mafuta kwenye kikaango kwa macho, na kuna anayepima kwa kijiko. Kabureta ya Mlevi ilikuwa inamimina kwa macho. Injini ikivuta hewa, petroli inavutwa humo humo, na kabureta haijui kama kuna baridi au joto, wala kama gari linapanda au linashuka. Injekta za gari la kisasa zinapima kwa kijiko. Kuna vihisio vinavyopima hewa na joto, vinanusa hata moshi unaotoka, na kompyuta ndogo inaamua petroli iingie kiasi gani. Ongeza gia nyingi zaidi, injini isihangaike kwenye mwendo mkubwa. Ongeza umbo, maana Mlevi alikuwa anakwenda kifua mbele kama kabati, na haya ya sasa yamelainishwa kama sabuni iliyotumika. Wala tusidanganyane, jipya nalo lisipotunzwa, chujio likajaa vumbi na tairi zikakosa upepo, litakunywa mpaka ushangae.

Halafu kuna habari ya mteremko. Kwa kabureta, ukiachia mguu huku gia imeingia, magurudumu yanaizungusha injini nayo inaendelea kunyonya petroli bure. Kwa hiyo Baba alikuwa sahihi kabisa kuweka gia huru na kuzima. Gari la injekta ni kinyume chake. Ukiachia mguu kwenye mteremko gia ikiwa imeingia, kompyuta inakata petroli yenyewe, haiingii hata tone. Ukiweka gia huru ndipo inabidi iinyweshe injini kidogo isije ikazimika. Na ukizima kabisa, unapoteza vile vitu viwili vinavyomsaidia dereva, usukani mwepesi na breki laini. Mlevi hakuwa na msaada wowote wa namna hiyo, ndiyo maana hakupoteza kitu alipozimwa.

Haya yote nilimwambia Baba. Masanja alipopata kazi nzuri alimnunulia gari dogo, jeupe, lililotumika Japani, akamwambia aachane na Mlevi kwa sababu atatufilisi. Mlevi akauzwa chuma chakavu. Baba alisimama barabarani akiangalia anavyovutwa na lori mpaka akapotea, kisha akaenda kuliosha lile jeupe ingawa lilikuwa safi. Lile gari lilikuwa na kijidirisha kwenye dashibodi kinachoonyesha umekwenda kilometa ngapi kwa lita, na Baba alikigeuza kuwa mshindani wake. Alikuwa anarudi kutoka Magu ananiambia, "Leo kimenishinda kidogo tu." Nilimweleza kabureta na injekta, nikamchorea hata kwenye mchanga. Alinisikiliza kwa upole kama anavyosikilizwa mtoto aliyekuja na shairi la shule. Akasema, "Mwanangu, wewe umesoma, nami nimefurahi. Lakini mteremko haudai mafuta."

Jumamosi moja alikuwa anakwenda Magu na Mama. Walikuwa wamempakilia Shangazi mkungu wa ndizi uliotoka Bukoba. Mbele ya Kisesa kuna mteremko mrefu wenye kona chini yake, na Baba alikuwa ameupita maisha yake yote. Alipofika juu aliweka gia huru, akazungusha ufunguo. Mama anasema palikuwa na kimya kizuri, na Baba alimwangalia akatabasamu, akamwambia, "Unakumbuka?" Kisha kona ikaja. Usukani ukawa mzito kama umeshikwa na mtu mwingine. Breki ikakubali mara mbili, ya tatu ikawa ngumu kama kukanyaga jiwe. Gari likaacha lami, likapita kwenye mihogo ya watu na kusimama kwenye kichuguu. Ndizi zilitawanyika shamba zima. Baba hakuumia hata ukucha. Mama alivunjika mkono wa kulia.

Tulipofika hospitali tulimkuta Baba amekaa kwenye benchi ya nje, kofia magotini. Mama, ambaye miaka yote alimwita Mlevi mke mwenza, alikuwa amelala na plasta, akaniambia taratibu, "Yule mwenzangu asingetufanyia hivi." Sikujua nicheke au nilie. Nililia.

Gari lilitengenezwa, mkono ukapona ingawa mpaka leo hauwezi kukamua nguo. Baba ndiye hakupona. Aliweka ufunguo juu ya meza mbele ya Masanja, akasema, "Chukua. Mimi ningemuua mama yenu." Masanja akamwambia, "Baba, si kosa lako, ni kuzoea tu. Ukiachia mguu, gari lenyewe linajua la kufanya." Alitaka kumfariji. Baba akauliza, "Sasa kama gari linajua lenyewe, dereva anabaki na kazi gani?" Alikuwa anauliza kweli, ananiangalia mimi kwa sababu mimi ndiye mwalimu.

Hajaendesha tena. Nimempeleka Magu mimi mwenyewe. Anakaa kiti cha mbele amejikaza, mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo, na kwenye kila mteremko anageuza uso dirishani. Tulipofika kwa Shangazi mara ya mwisho hakutaka kushuka haraka, alisema kwanza apumue. Nikimwambia twende tena anajibu mgongo unauma. Nikimwambia kuna basi, anasema, "Nipelekwe kwa dada yangu kama mzigo wa dagaa?" Shangazi naye ni mzee mno, hatoki tena nje ya ua wake. Kwa hiyo wale wawili, ambao mmoja alimbeba mwenzake mgongoni, sasa wanaonana kwenye simu ya mwanangu, na nusu ya muda wanaonyeshana dari.

Nikiwaza enzi zile na hizi nashikwa na uchungu. Nyumbani kwetu sasa kuna magari matano ukihesabu ya wajukuu, na hakuna hata moja linalokunywa kama Mlevi. Vituo vya mafuta vimejaa kutoka Nyegezi mpaka Igoma, taa zinawaka, hakuna foleni. Lami imefika. Safari iliyokuwa inatuchukua asubuhi nzima ya kusukuma na kuomba Mungu sasa ni muda wa kumaliza kikombe cha chai. Na Jumamosi zinapita, kila mtu na shughuli yake, magari yamepangwa uani yanang'aa, barabara ya Magu ipo pale pale.

Juzi nilimkuta Baba barazani, simu imeegemezwa kwenye birika, Shangazi anaonekana kipaji cha uso tu. Nilimwamkia, akanipa ishara nikae. Shangazi alikuwa anamuuliza atakwenda lini. Baba akajikohoza, akaanza kueleza habari za mgongo, kisha kama mtu anayejitetea akasema, "Lakini usiwe na wasiwasi, dada. Gari lipo, mafuta yapo."

Tukasikia jogoo akiwika huko Magu. Halafu Shangazi akasema, "Zamani mafuta yalikuwa hayapo, mdogo wangu, na ulikuwa unakuja."