Nusu Doti ya Mkoani

Mwaka ule meli ilipozama, nilirudi Pemba bila viatu, nimevaa kaptura ya mtu nisiyemjua. Sisi tuliotolewa majini wazima tulifikishwa Unguja kwanza, tukapewa chai na nguo, kisha meli nyingine ikatuleta Mkoani. Bandari ilifurika watu waliokuja kupokea watu wao. Kila aliyeshuka alitazamwa usoni, na hata akiwa siye, aliambiwa, "Pole, mwanangu."

Mimi sikuwa na wa kunipokea. Tangu nilipoacha shule kabla ya kumaliza msingi nimekuwa mtu wa njiani, leo huku, kesho kule, na hakuna aliyejua kama nimesafiri. Nikakaa juu ya gunia, natetemeka kwenye jua kali. Mama mmoja akasimama mbele yangu na doti mpya ya kanga yenye picha za korosho, bado haijakatwa katikati, kama ilivyotoka dukani.

"Nilimletea ndugu yangu nimsitiri," akasema. "Hajashuka. Umeshuka wewe."

Akaing'ata katikati, akaipasua kwa mikono. Nusu akanifunika mabegani, nusu akaikunja akaibana kwapani, maana meli nyingine ilikuwa inakuja. Kabla sijamshukuru, dereva wa gari la mizigo akaniita nipande, anipeleke ninapokwenda, bure. Nikamwambia sina ninapokwenda.

"Basi twende kwangu ukale kwanza," akasema, kana kwamba nyumba yake ndiyo kituo cha watu wa aina hiyo.

Kanga ile imekuwa shuka langu, taulo langu, kilemba changu na mkoba wangu. Nami ni mtu wa kutaka kujua kila kitu, ila hakuna kilichonisumbua kama hiki: ile nusu nyingine ilimfunika nani? Ndugu yake alishuka? Kwa hiyo kila nilikokwenda kutafuta kibarua nilitazama kamba za nguo.

Kisiwani Kojani, nilikokwenda kusaidia kuvuta nyavu, mama mmoja alinikamata.

"Ewe! Umepoteza nini kwenye kamba yangu?"

"Nusu ya kanga, Bi."

"Mwanamume mzima na kanga ya korosho begani! Mwenye kanga kakufukuza, kakuachia nusu?"

Majirani zake wakacheka, nami nikacheka. Nilipowaeleza kisa, wakanikalisha na kunipakulia wali na pweza, sahani iliyojaa hata nikaona haya. "Hapa hayupo mwenye nusu ya pili," wakaniambia. "Jaribu Ole. Huko wana kanga kuliko mihogo."

Nikaenda Ole msimu wa karafuu. Mchana mmoja nimeshuka mtini, kanga nimeizungusha shingoni, napita walipokaa akina mama kwenye jamvi wakichambua karafuu kutoka kwenye vikonyo vyake. Mmoja akainuka, akashika ncha ya kanga yangu, akaisogeza karibu na macho.

"Meno yangu haya!"

"Bi?"

"Meno yangu, nakwambia. Tazama!" Akafungua mdomo, akanionyesha pengo la mbele. Kweli, pale kanga ilipoanzia kupasuka palikuwa na alama mbili, na katikati nyuzi zimebaki nzima.

"Yakhe," mwenzake akamwambia, "kumbe huyu ulimng'ata wewe!"

Kicheko kikalizunguka jamvi zima. Mimi swali langu la miaka yote likapata wa kulijibu. Sasa nilikuwa naogopa jibu lake.

"Ndugu yako, Bi?"

"Hakuja." Akaketi tena, akachambua kikonyo kimoja, viwili. "Nilingoja meli zote. Ile ya mwisho akashuka msichana wa bara, mwalimu, ndiyo kwanza anakuja kazini. Hana begi, hamjui mtu, analia tu. Nikasema, basi hii ni yake. Nikamfunika, nikaja naye nyumbani."

"Yuko wapi?"

"Yuko! Kila Krismasi ananiletea keki, kila Idi nampelekea biriani. Akija hujifunga nusu ile, akaingia jikoni kwangu kuniharibia mchuzi."

Nikaivua yangu, nikamrudishia. Akausukuma mkono wangu pamoja nayo.

"Sitara hairudishwi. Lakini wewe! Miaka yote hii hukuipinda? Nyuzi zinaning'inia kama ndevu za beberu."

Akanipa muhogo na samaki wa kuchoma, akaagiza sindano na uzi. Nikila, yeye akapinda ule upande uliokatwa dukani, mishono midogo midogo, huku wenzake wakimwelekeza na yeye akiwaambia wachambue karafuu zao. Alipoigeuza kwa upande wa pili alisita. Akaipitishia kidole ile alama ya meno, akainyoosha juu ya goti, kisha akaukata uzi kwa meno yale yale na kunirushia kanga yangu.

"Upande huu uache hivi hivi," akasema. "Na kesho usiende popote. Huyo mwalimu anakuja, njoo na nusu yako umwonyeshe."

Mzigo wangu nilikuwa nimeshaufunga tangu asubuhi, tayari kwa safari ya kesho. Nikaenda kuufungua.