Bunduki Isiyoishiwa Risasi

Nilisimamishwa kwaya ya kanisa letu miezi mitatu kwa sababu nilicheka kwenye ukumbi wa video. Wapo watakaokuambia kwamba nilipigana na wanaume. Sikupigana na mtu. Nilicheka, nikaulizwa, nikajibu.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa. Madukani Tukuyu palijaa redio na mitumba, na mfanyabiashara mmoja alikuwa amefungua ukumbi wa video nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, pale Makandana. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Lupepo, sijaolewa, na Jumamosi hiyo nilikuja mjini kununua mafuta ya taa. Mvua ikanikamata mbele ya ukumbi. Ubaoni waliandika kwa chaki: LEO PICHA YA VITA. Nikalipa kiingilio, nikaingia.

Mle ndani walikuwa wanaume tupu: wabeba ndizi, vibarua wa chai kutoka Kawetele, wanafunzi wa sekondari. Walinitazama kama niliyekosea mlango. Hakuna aliyesogea kunipa nafasi, kwa hiyo nilijibana mwenyewe kwenye benchi la pili.

Mwenye ukumbi alisimama kando ya televisheni akitueleza kwa Kiswahili yanayotokea, huku akipaza sauti kuishinda mvua juu ya bati. Steringi, yule shujaa wa picha, alikuwa peke yake porini akipambana na jeshi zima. Alishika bunduki kubwa ya mkanda wa risasi kwa mkono mmoja, kiunoni, akafyatua huku anakimbia. Mkanda ule haukupungua hata kidogo. Akaitupa, akaokota bunduki ya adui, SMG, akamwaga risasi mpaka nikachoka kungoja abadilishe magazini, kile kisanduku cha risasi. Hakubadilisha. Kisha akampa bastola mwanamke aliyekuwa naye. Mwanamke akaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya, akapiga yowe, akaiangusha matopeni. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu.

"Mwalimu, kinachokuchekesha ni nini?" akauliza kibarua mmoja mbele yangu, aliyenifahamu.

"Hiyo SMG inakula risasi thelathini," nikamwambia. "Huyu bwana amepiga mia na ngapi sijui. Na huyo mwanamke, nani kawaambia tunashika bastola namna hiyo?"

"Wanawake na bunduki wapi na wapi!" mwingine akapayuka, watu wakaangua kicheko.

Nilisimama. Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda kambi ya jeshi kwa mujibu wa sheria, kama wenzangu wote, wavulana kwa wasichana. Nilikabidhiwa SMG, nikaikariri namba yake kama jina langu. Nilijifunza kuifungua, kuifuta mafuta, na kuifunga tena huku afande amenisimamia kichwani. Siku ya kwanza ya shabaha ilinipiga teke bega likavimba wiki nzima, na wiki iliyofuata nilipiga vizuri kuliko nusu ya wavulana wa kombania yetu. Hayo yote niliyasema pale pale. Nikachukua mwavuli wa jirani yangu bila kumwomba, nikauweka begani.

"Kitako hapa. Shavu hapa. Kifyatulio hukivuti kwa hasira, unakikamua taratibu. Sasa nani kati yenu amewahi kushika hata gobole?"

Mwenye ukumbi akasimamisha picha. "Mwalimu, nakuomba utoke. Unawaharibia wenzako. Nitakurudishia kiingilio chako."

"Sitoki. Nimelipa kama wao."

Akanitazama, akawatazama wateja wake, akaiwasha picha. Dakika chache baadaye steringi akaokota bunduki nyingine, na kutoka nyuma mtu akaanza kuhesabu kwa sauti. Wengine wakadakia. Walipofika thelathini ukumbi mzima ukapiga kelele, "Badilisha magazini!" Hakubadilisha. Walicheka mpaka sauti ya mwenye ukumbi haikusikika tena.

Habari ilifika kanisani kabla ya Jumapili. Wazee wa kanisa wakaniita, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Mwenyekiti akaniuliza kama niko tayari kuomba radhi mbele ya waumini.

"Kwa kosa gani, mzee?"

"Kukaa na wanaume gizani na kuwafundisha kupigana."

"Niliwafundisha kuhesabu," nikasema. "Ndiyo kazi yangu."

Wakapiga kura ya kunisimamisha kwa kunyoosha mikono. Mkono wa baba ulikuwa wa mwisho kupanda, lakini ulipanda.

Nyumbani tulizungumza Kinyakyusa. Jioni hiyo baba aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, kama bado yuko kikaoni: "Ni kweli ulipiga vizuri kuliko wavulana?"

"Ni kweli, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama nilikuwa nasali."

Akaniambia niende nikale. Hakuifuta kura yake, wala mimi sikumwomba aifute.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Makandana, nikiwa na wauguzi wawili wa kike wa hospitali. Mmoja alikuwa mtu wa Tanga, aliyepitia kambi kama mimi. Tulikaa benchi la mbele kabisa. Mwenye ukumbi alipotaka kusema neno, yule wa Tanga akamwambia, "Weka picha, kaka, muda unakwenda," naye akaiweka. Miezi mitatu ilipokwisha, nilirudi kwaya bila kuomba radhi, nikaimba sauti yangu ile ile ya pili, na Jumamosi niliendelea kwenda video.