Rimoti Moja, Droni Tatu

Mkonze nzima, hapa Dodoma, inamjua Penina kwa sare za shule. Ukiona mtoto kola imekaa sawasawa shingoni, ujue imepita kwenye cherehani yake. Lakini muulize mwenyewe anachokipenda, atakutolea droni kutoka chini ya meza ya kukatia. Si zile za kupigia picha harusi, hapana. Yake ni ndogo, inalia kama nyuki waliochokozwa, na haina kazi nyingine duniani ila kukimbia. Unavaa miwani mikubwa, unaona kile inachokiona yenyewe huko juu, na hapo umekaa zako kwenye kiti cha plastiki huku roho ikipita katikati ya vibendera vya kuonyesha njia. Siku ya kwanza kuivaa alipiga yowe hadi mteja aliyekuja kupimwa sketi akatoka mbio.

Wenzake katika wazimu huu ni wawili: Hamidu, Mrangi wa Kondoa anayeuza mafuta ya alizeti, na Daudi, karani wa wizara moja kule Mtumba. Kila mmoja ana droni yake, ila rimoti ni moja tu, ya Penina, na wanaazimana kama majirani wanavyoazimana kinu. Kwa hiyo hawarushi pamoja. Anaruka mmoja, kisha mwingine, na saa ndiyo hakimu.

Sasa wapenzi wa mchezo huo huko Arusha wakaalika mshindani mmoja kutoka Dodoma kwenye mashindano yao. Mmoja! Penina aliitaka nafasi hiyo hadi usingizi ukampungua. Hata kwenye mazoezi ya kwaya alikuwa anaimba huku vidole vinakata kona.

Ijumaa, siku moja kabla ya wao watatu kushindana kumpata mwakilishi, akaona aiandae rimoti. Ndani ya rimoti kuna programu inayoiendesha, na ndani ya droni kuna risiva, kidude cha ukubwa wa ukucha kinachosikiliza amri za rimoti, nacho kina programu yake. Hizo mbili lazima ziwe za toleo moja. Ukiweka jipya huku na kuacha la zamani kule, hazisalimiani hata kidogo. Penina aliyajua hayo vizuri sana. Akaweka toleo jipya kwenye rimoti, akaweka kwenye risiva ya droni yake, akajaribu, ikaitika, akalala kwa raha. Kwamba rimoti hiyo ina watoto wengine wawili kwenye nyumba za watu, wala halikumjia.

Jumamosi asubuhi walikutana kwenye uwanja mkavu nyuma ya mawe makubwa. Kura ilimpa Penina kuruka kwanza, na ilikuwa bahati kubwa, maana ni Agosti, na mwezi huo jua likipanda kidogo tu upepo wa Dodoma unaamka na vumbi lake. Kabla ya kuanza kila mtu akajaribu droni yake. Ya Penina ikawasha taa, ikatulia. Ya Daudi ikabaki kupepesa. Maskini akabadilisha betri, akaipuliza, akaigongagonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Ya Hamidu nayo vilevile. Hamidu akageuka taratibu, akamtazama mwenye rimoti.

"Penina, umeifanya nini?"

Akili ikamrudi. Akawaeleza yote bila kuficha. Daudi, mtu mstaarabu, akasema basi aruke yeye kwanza kama kura ilivyosema, za kwao zitashughulikiwa baadaye. Penina akavaa miwani. Hewa ilikuwa imetulia kabisa, hakuna hata kibendera kilichotikisika. Baadaye maana yake wenzake waruke kwenye upepo, kwa kosa lake yeye. Akaivua miwani.

"Nimeharibu mimi. Ninyi mtaruka kwanza."

Risiva ikikaa kidogo bila kusikia rimoti hufungua waifai yake, ukaingia kwa simu na kuipa programu mpya. Ya Daudi haikusumbua. Ya Hamidu ilikuwa ya aina nyingine, ikadai faili lake, na mtandao bondeni pale ni wa kuombea dua. Penina akapanda juu ya jiwe, mkono mmoja na simu hewani, Hamidu huko chini akimwambia kwamba Wagogo kama yeye na mawe wameumbwa siku moja. Utani wao huo hawakurithi kwa mtu, waliuanzisha wenyewe. Hatimaye faili likaingia, na taa ya Hamidu ikatulia.

Hamidu aliruka vizuri ajabu, bila kugusa kitu. Daudi akanaswa na kibendera. Zamu ya Penina ilipofika upepo ulikuwa umeamka na vumbi linatimka. Alipita kona zote kwa ustadi, akawa anakwenda kumshinda Hamidu waziwazi, na pale mwishoni upepo ukaibeba droni ukaitupa kwenye miiba. Akavua miwani, machozi yakamtoka. Iliuma, tusidanganyane.

Hamidu hakusherehekea. Alipanda lile jiwe, akapiga simu, akashuka, akaenda kuitoa droni miibani huku anajichoma vidole. Alipomrudishia, Penina alimnyooshea rimoti. Alimwambia aichukue aende nayo Arusha, akawashinde.

"Niende na rimoti yako, halafu igome huko nimwite nani?" Hamidu akasema. "Nimewaambia wa Arusha tunakuja wawili. Wamesema ukija na droni yako utaruka kwenye mchujo, unapigiwa saa kama wengine. Faini yako ni kuku wa kula njiani."

Penina akafuta pua kwa upindo wa khanga. Kuku alimkubali bila kubishana. Ila rimoti, akasema, ataibeba mwenyewe mapajani, na asisikie mtu, hasa yeye Penina, ameigusa programu ya kitu chochote siku moja kabla ya mashindano.